Zege la Karavani na Fagio la Mama

Mpendwa Baba, mkwe wangu,

Assalaam alaykum. Kila baada ya sala nakuombea dua, na dua naamini inakufika. Lakini leo nimetaka kuandika, maana dua ina adabu zake, na haya ninayotaka kusema ni mazungumzo ya mtu na mkwewe, chai ipo kati yao. Nitawasomea na watu wengine barua hii. Haina siri. Huenda na wao wana wakwe.

Kesho, inshaallah, tunatoka na karavani, kile kijumba chetu cha kuvutwa na gari. Mara ya kwanza bila wewe. Mwanao Zuhura amekuwa akipakia tangu jana: sufuria, mchele, miswala, blanketi zile nzito. Kwenye kabati ya chini ya sinki amelikuta kopo lako la maji, lile la plastiki ya kijani. Akaliosha, akalipangusa, akalirudisha palepale. Mimi nikajifanya natafuta funguo.

Nakumbuka ulivyoingia hapa Queensbury, huku kwa Waingereza, miezi mitatu baada ya kumzika Mama, mkeo. Ulivaa koti la kuazimwa lililokupita mabega, na mkononi ulishika kitu kirefu kimeviringishwa kwa kanga. Nilidhani ni bakora. Kumbe ni fagio la chelewa, la njiti za mnazi. Zuhura alifurahi kweli, akasema, "Ahsante Baba, hapa hatupati la kwetu namna hii, wanauza ya manyoya tu." Ukalivuta kwako kidogo. "Hili si la kufagilia," ulimwambia. "Mama yako alilifunga mwenyewe, wiki ile kabla hajaugua." Ukalisimamisha nyuma ya mlango wa chumba chako, na hapana aliyeligusa.

Halafu ukakaa dirishani. Baba, nikwambie kweli, tulikuwa tunakuogopa ulivyokaa pale. Fundi wa sakafu wa Wete nzima, mtu aliyekuwa anaamka alfajiri na mwiko, sasa unahesabu magari mekundu barabarani. Mjukuu wako Nasra alikuwa akikupita na kukuuliza kwa Kiingereza kama uko sawa, nawe unamjibu kwa Kipemba kwamba hujambo, na kila mmoja anaridhika. Basi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yako ya mchana kutwa. Na kila Ijumaa tukirudi msikitini unaniuliza, kwa upole, kama mtu anayeulizia bei ya nyanya: "Mwanangu, tiketi ya kurudi yapatikana kwa siku ngapi?"

Zuhura akisikia hilo huko jikoni anakoroga chungu kitupu. Aliniambia, "Presha ile, na nyumba ile tupu. Akirudi peke yake tutakwenda kumzika. Mshike."

"Nitamshikaje baba wa mtu?" nilimjibu.

Sikujua. Namshukuru Mungu aliyejua.

Ile karavani hukunisikia nikisema kwa nini niliinunua, nilikwambia tu imepatikana rahisi. Mwanao alikuwa mwaka wa kumi na tisa anawaogesha wazee wa watu kwenye nyumba za kulelea, na likizo yake yote anaimaliza kufua mapazia. Hoteli hawezi, anasema chooni hamna maji na jikoni hujui wamepika nini. Nikafikiri, basi tuwe na nyumba yetu ya kuvuta, sufuria yetu, kopo letu, tukitaka kusali tunasimama tunasali. Nikainunua kwa mtu aliyekuwa amezeeka, kuukuu kama yeye, yenye pazia za maua. Nikaifunga nyuma ya gari, nikaileta, nikaisukuma kwenye kibustani chetu cha mbele kwa kuwa barabarani hairuhusiwi kulala. Mvua ikanyesha siku tatu. Siku ya nne gurudumu moja lilikuwa limezama nusu, na karavani imeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni.

Hapo ndipo ulipoondoka dirishani. Ulitoka na makubadhi, ukaizunguka, ukachukua kitawi ukakichoma ardhini.

"Nani aliyeiweka nyumba juu ya uji?" uliuliza.

"Mimi, Baba."

"Hebu nenda kaniletee kamba na vigingi."

Tangu hapo mimi nikawa kibarua wako, na wallahi sijawahi kuwa na furaha kama wiki mbili zile. Nikitoka kazini navua sare ya supamaketi navaa buti. Uliamua karavani ipate sakafu ya zege: ulinichimbisha mpaka tukafika udongo mgumu, ukanimwagisha kokoto, ukanishindiliza, ukapanga mbao pembeni na wavu wa chuma juu ya vijiwe. Ulipima kwa mpira wa maji, ule wa kienyeji, ingawa nilikuwa na pimamaji ya dukani. Ukaupa mteremko kidogo, kidogo tu, maji yasirudi ukutani. "Maji ni kama mgeni," ulisema, "muonyeshe njia ya kutokea, hatakusumbua." Nikikosea hukunigombeza. Ulikuwa unakohoa tu. Nilijifunza kuogopa kikohozi chako.

Na jirani yetu Bwana Jayanti, aliyezaliwa Mwanza na bado anatukana kwa Kisukuma akijigonga, alikuwa anakuja kuegemea ukuta wake na kikombe.

"Mzee wa karafuu! Unajenga uwanja wa ndege?"

"Ndiyo," ukamjibu bila kuinua kichwa. "Ndege ya kwanza inakurudisha wewe Mwanza."

"Mimi nataka kiti cha dirishani."

"Utakaa na mizigo."

Zuhura alikuwa anasikiliza mle ndani, mkono mdomoni. Alikuwa hajakusikia ukifanya mzaha tangu msiba.

Lori la zege likaja Jumamosi asubuhi. Ulisema Bismillah kwa sauti kwenye toroli la kwanza, dereva akageuka kuangalia nani kaitwa. Tulimwaga, tukatandaza, mimi na Bwana Jayanti tukavuta ubao wa kusawazishia huku wewe unatuamuru kama nahodha. Lilipokwisha tandazwa, yule dereva, mtu mnene mwenye kofia ya njano, akasimama kutazama. Akauona mwiko wako wa kulainishia, na ile ndoo ya saruji kavu uliyoiweka tayari kwa kupiga niru, ile ngozi laini ya saruji inayong'aa. Akaniambia kwa Kiingereza: mwambie mzee asililainishe. Hapa kukiingia barafu patakuwa kioo. Mwambie aburute fagio gumu juu yake, liache mistari.

Ukaniuliza, "Asemaje?"

Baba, nikakutazama. Ulikuwa umenyooka mgongo, kofia imeloa jasho, umesimama mbele ya mtu mgeni kama fundi mbele ya fundi. Nami ni mkweo. Nimelelewa Unguja, baba wa mke haambiwi amekosea, tena mbele za watu, tena kwa kazi yake mwenyewe.

"Asema kazi nzuri, Baba," nikasema. "Asema hajaona mikono kama hii."

Ulicheka. "Mwambie ahsante. Mwambie angengoja aone niru."

Nikamgeukia dereva nikamwambia ahsante. Akainua dole gumba, akapanda lori lake akaenda zake.

Nilijiambia ni adabu, na kidogo ilikuwa adabu. Sehemu kubwa ilikuwa uoga. Niliogopa kwamba nikilitia dosari lile tabasamu, Ijumaa utauliza tena tiketi.

Basi ukapiga niru. Ulipiga magoti juu ya vipande vya mbao, ukanyunyiza saruji kavu kwa vidole kama mtu anayetia chumvi, ukausukuma mwiko kwa upinde, nusu duara, nusu duara, huku unavuta uradi wako taratibu. Ulisimama kwa Adhuhuri na Alasiri, ukarudi. Ulipomaliza zege lilikuwa linang'aa kama sinia jipya. Sakafu ya kupokea bwana harusi, kwa karavani kuukuu. Bwana Jayanti akaja akainama. "Mzee, mimi kesho naleta wembe, ndevu nitanyolea hapa." Lilipokauka kabisa ulitandika mswala juu yake ukasali rakaa mbili za shukrani, watu wanapita na mbwa wao.

Ijumaa ile hukuuliza tiketi. Wala iliyofuata. Zuhura akaniambia, "Umemshika." Nikajiona mwanamume.

Ikaingia baridi. Asubuhi moja dunia nzima ilikuwa nyeupe, na Zuhura anatoka kwenda kazini na mkoba wake. Nilisikia kishindo nje. Nikatoka mbio, na mimi mwenyewe nikateleza nikashika gurudumu la karavani. Amekaa chini, ameushika mkono wa kulia kama unavyoshika mtoto. Hakulia. Neno la kwanza alilosema ni, "Baba asijue."

Tukainua macho. Ulikuwa dirishani.

Tuliporudi hospitali, mkono umevunjika kifundoni na umefungwa plasta mpaka kiwikoni, ulikuwa umekaa kitandani na sanduku lako miguuni limeshafungwa. Fagio umelilaza juu yake.

"Nimepiga sakafu za watu miaka arobaini," ulisema. "Hapana aliyeanguka. Nimekuja kumvunja wangu. Nikatie tiketi, mwanangu. Nchi hii kazi yangu haiijui."

Nilitoka chumbani nikasali Maghrib, na sala ile, Mungu anisamehe, sijui niliisoma vipi. Nilikuwa namuona yule dereva na kofia yake ya njano. Nikarudi nikakaa chini, kwenye zulia, miguuni pako.

"Baba, nina neno."

"Sema."

"Yule dereva wa lori hakusema kazi nzuri."

Ukaniangalia. "Alisemaje?"

Nikakwambia yote. Kioo, barafu, fagio gumu, mistari. Nikakwambia nilijua, na nilinyamaza, na mkono wa Zuhura ni wangu mimi niliyeuvunja, si wewe. Ukavua miwani. Ukaifuta kwa ncha ya shuka, jicho moja, jicho la pili, ukaivaa. Nilikuwa nangoja unifukuze, na nyumba ni yangu.

"Alisema fagio gani?" ukauliza.

"Fagio tu, Baba. Gumu."

"Laburutwa kwa urefu au kwa upana?"

"Sijui."

"Hukumuuliza?"

"Sikumuuliza."

"Wewe mkwe wangu," ukasema, "una adabu mbaya. Adabu hiyo itatuvunja mikono nyumba nzima." Halafu ukaniwekea mkono begani, mzito, wa fundi. "Nikikuuliza mtu asemaje, niambie asemavyo. Hata akinitukana. Umesikia?"

"Nimesikia."

Mlangoni Zuhura alikuwa amesimama, plasta yake kifuani. "Mmemaliza nyinyi wawili? Maana mkono uliovunjika ni wangu, na mpaka sasa hapana aliyeniomba radhi."

Tukasimama wote wawili kwa pamoja kama watoto wa madrasa. Ulimwomba radhi mwanao, nami nikamwomba mke wangu. Akatusamehe kwa sharti tumkunie kichwa mpaka plasta itoke, hawezi mwenyewe. Na sanduku ukalisukuma kwa mguu chini ya kitanda. "Kazi mbovu siiachi nyuma yangu," ulisema. "Nitaondoka nikishaitengeneza."

Baridi ile yote tulilitindua zege kwa tindo na nyundo, jipya lipate kushika juu yake. Karavani ilihamia kwa Bwana Jayanti, na kodi yake ilikuwa kuja kutucheka. "Mzee, ulinipa kioo, sasa unakivunja? Mimi ndevu nitanyolea wapi?" Niru yako ilikataa kuvunjika. Tindo inaruka, inaacha kidoa tu. Ulikuwa unakasirika na kujisifu kwa wakati mmoja: "Ona hii! Ona! Nani leo apiga hivi?" Halafu unaipiga tena. Vidole vyangu vilivimba, vyako vilipasuka, Zuhura akatupaka mafuta ya nazi mkono mmoja mmoja kwa mkono wake mzima. Sijui kama nimewahi kukwambia, lakini pale, na masikio yanawasha kwa baridi, ndipo nilipoacha kukuogopa nikaanza kukupenda.

Baridi ilipolegea tukachanganya zege jipya la kutandika juu. Nilikuwa nimenunua fagio gumu la dukani, la bei nzuri. Ulilijaribu pembeni, likapapasa tu. Ukalitazama, ukanitazama mimi, ukaingia ndani na makubadhi yako yenye matope, juu ya zulia. Ukarudi na fagio la chelewa.

Zuhura aliruka. "Baba! Hilo la Mama."

"Najua ni la nani."

"Litaharibika."

"Mama yako hakufunga fagio lisimame nyuma ya mlango," ulimwambia.

Ukasema Bismillah. Ukalivuta kwa upana, mvuto mmoja usiokatika, kutoka ukutani mpaka ukingoni. Ukalisuuza kwenye ndoo, ukasogea, ukavuta tena. Mistari ikatoka myembamba, imenyooka, kama kitambaa kilichofumwa. Mimi nilikuwa nabeba ndoo. Zuhura alikaa kizingitini akitazama. Ulipofika mwisho, saruji ilikuwa imelishika fagio lote, zito kama rungu. Nilidhani utasema tulioshe, tulihifadhi. Ukalitia mwenyewe kwenye pipa la taka, ukanawa mikono, ukauliza kama kuna chai.

Kazi iliisha, na tiketi hukuiulizia. Nasi hatukukukumbusha.

Ahsante kwa miaka ile, Baba. Ahsante kwa safari zetu. Ahsante ulivyoikunja suruali ukaingia baharini kule pwani ya baridi ukatoka unasema bahari yenyewe haina chumvi. Ahsante ulivyotusalisha ubavuni mwa karavani, na yule bwana wa karavani ya pili akazima redio yake bila kuombwa, nawe baadaye ukampelekea sambusa. Ahsante ulivyokuwa unazunguka kwenye kambi za watu, mikono nyuma, unachuchumaa kupapasa zege lao na kurudi na habari: "Yule katumia mchanga mchafu. Yule wa kona ni fundi." Nasra alikuwa anaona haya akijificha nyuma yangu. Sasa anaingia nyumba za rafiki zake, anatazama kwanza sakafu.

Nimefika kwenye lile lililonikalisha kuandika.

Siku ile hospitali, ulipolazwa mara ya mwisho, daktari alivuta kiti akakaa, nikajua. Akikaa daktari huwa si habari njema. Akasema maneno yake taratibu. Zuhura aliyaelewa kabla yangu, akageukia ukuta. Nawe juu ya mto ukanitazama, uso uleule wa chini ya kofia iliyoloa jasho.

"Asemaje?"

Baba, ulimi wangu ulikuwa tayari umeshasema. Asema unaendelea vizuri. Asema Mungu akipenda wiki ijayo nyumbani. Maneno yalikuwa mdomoni, matamu, mepesi. Nikaona mkono wa Zuhura ukutani, ule wa kulia, ambao mpaka leo ukibadilika hewa unamuuma. Nikakwambia asemavyo. Asema dawa hazina kazi tena. Asema ni wiki, si miezi.

Ukaniuliza, "Umesema yote?"

"Yote, Baba."

Ukafumba macho, ukafumbua. "Ahsante, mwanangu. Sasa najua pa kuanzia."

Na ulianza. Ukataka simu. Ukampigia ndugu yako wa Wete mliyenuniana naye kwa mpaka wa shamba, mkaombana radhi, mkalia, mkacheka. Ukaniagiza viatu vyako apewe nani na mwiko wako abaki nao nani. Mwiko huo ninao. Ukataka urudishwe nyumbani, na kila lilipotoka jua tukakukalisha ndani ya karavani, mlango wazi, miguu juu ya kigoda, unatazama zege lako, na Bwana Jayanti mlangoni akikuuliza ndege inaondoka saa ngapi. "Hivi karibuni," ukamjibu. "Wewe bado, mizigo yako haijapimwa." Alitoka pale akaenda kusimama nyuma ya banda lake peke yake muda mrefu. Ulituaga mchana, shahada mdomoni, mkono wako kwenye ule wa Zuhura. Hapana lililobaki halijasemwa. Wangapi wanapewa hilo? Ningekudanganya tena, ningekuibia siku zile zote, na ningeendelea kuitwa mkwe mwenye adabu.

Leo asubuhi kumeganda. Nilitoka kuangalia tairi, mistari ya fagio imejaa weupe, imepangana kutoka ukutani mpaka ukingoni. Zuhura akatoka na kikapu cha vyombo. Unajua tangu aanguke hapiti pale bila kuugusa ukuta, hata kiangazi. Leo mikono yake yote miwili ilikuwa kwenye kikapu. Akapita. Viatu vyake vikashika, krak, krak, mpaka kwenye mlango wa karavani. Nadhani mwenyewe hakutambua.

Akageuka akanikuta nimesimama na pampu mkononi, macho yamejaa.

"Una nini wewe?" akaniuliza.

Nikamwambia: umepita bila kuugusa ukuta.

Mungu akupe nuru huko ulipo, Baba, akukutanishe na Mama, na umwambie fagio lake tunalikanyaga kila siku na hatuanguki.

Wako katika dua,
mkweo, uliyemwita mwanangu